Utoro kazini: zamu ya watu 40 ina mapengo kila Jumatatu, nianzie wapi?

Wadau, habari zenu. Nasimamia zamu ya watu 40, siku 22 za kazi kwa mwezi. Mwezi uliopita zimepotea siku 44, nyingi Jumatatu. Barua za onyo na makato havijasaidia. Naombeni ushauri.

Jibu 1
Mkuu, anza na hesabu. 44 gawanya kwa 880 (40 × 22), zidisha kwa 100: asilimia 5. Likizo zilizoidhinishwa zisiwemo, hizo si utoro. Kisha mpe kila mmoja alama ya Bradford (kipimo cha kukosa kazi mara kwa mara) kwa wiki 52 zilizopita: mara alizokosa × mara alizokosa × jumla ya siku. Aliyelazwa mara moja siku 10 anapata 1 × 1 × 10 = 10. Aliyekosa siku mojamoja mara 10 anapata 1,000. Siku ni zilezile, ila huyu wa pili ndiye anayevuruga zamu, kwa kuwa kila mara unatafuta mbadala asubuhi ileile.

Jibu 2
Nakubali, lakini alama hiyo isigeuzwe fimbo. Mwenye pumu au selimundu huugua vipindi vifupivifupi, alama inapanda bila kosa lake. Ikuonyeshe wa kuzungumza naye, basi.

Chenye nguvu zaidi ni mazungumzo ya siku ya kurudi kazini: dakika 10, faragha, kwa kila mtu, hata aliyekosa siku moja. Umepona? Kuna jambo la hapa kazini linalochangia? Andika, msaini wote wawili. Ukiwaita wachache tu, watajiona wanawindwa na hawatasema ukweli.

Jibu 3
Ongeza utaratibu wa taarifa: asiyeweza kuja apige simu mwenyewe kwa msimamizi, saa moja kabla ya zamu. Ratiba itoke wiki 2 mapema, na kuwe na fomu ya kubadilishana zamu au kuomba nusu siku. Mwenye mtoto mgonjwa asipokuwa na njia halali ya kuomba ruhusa ya muda wa saa tatu, atapotea siku nzima.

Muuliza swali
Asanteni. Na bonasi ya mahudhurio?

Jibu 4
Tahadhari hapo. Ikiwa ya mwezi mzima, aliyekosa tarehe 3 ameshaipoteza, siku zilizobaki hazimgusi tena. Mgonjwa naye atajikokota aje kuambukiza wenzake. Ukiitoa, ipime kwa wiki. Ila kwanza angalia ratiba ya Jumapili: wanaokosa Jumatatu ndio waliofanya ovataimu hadi usiku?