Mjadala: Barabara za kuvunia miti Aberdare zifunguliwe kwa magari ya 4x4?

Mwanzisha mada

Nimeendesha 4x4 miaka tisa, na mengi ninayoyajua kuhusu gia ya chini niliyajua nikiwa nimekwama. Kwa hivyo sitajifanya sina upande. Hoja yangu ni kwamba Huduma ya Misitu ya Kenya ifungue rasmi, kwa kibali na ada, zile barabara zilizochongwa kwa ajili ya kuvuna misonobari na saiprasi kwenye mashamba ya miti ya milima ya Aberdare. Msitu wa asili nao ufungwe kabisa kwa magari, hata ya sisi tunaojiita waungwana.

Kwa sasa mambo ni nusunusu. Mara ya mwisho niliingia upande wa Kinangop. Langoni nililipa, nikapewa risiti, basi. Hakuna aliyeniambia ipi ni barabara na ipi ni mapito ya ng'ombe. Nikafuata alama za matairi ya waliotangulia nikidhani ni njia. Kilomita mbili mbele nilikuwa kwenye tope la magotini, nimezungusha mkanda wa winchi, ile mashine ya kulivuta gari lililokwama, kwenye mti uliokuwa pale kabla babu yangu hajazaliwa. Sikukatazwa na mtu, wala sikuelekezwa.

Isitoshe, mchezo huu na Aberdare wanajuana zamani. Rhino Charge, mashindano ya magari ya 4x4 porini, ilianza 1989 kuchangisha pesa za ua wa umeme kuzunguka milima hiyo. Magari hutakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Kasi haina kazi. Ua ulikamilika 2009, karibu kilomita 400. Iweje watu wa matairi wachange pesa za ua, halafu ndani ya ua watazamwe kama wezi wa mbao?

Mkulima wa Kinangop

Kijana wangu, huo ua naujua kuliko wewe, na sina ugomvi nao. Siku hizi nalala. Zamani nilikuwa nakesha na debe nikifukuza tembo kwenye viazi. Lakini usichanganye mambo. Mashindano hayo hayafanyiki ndani ya msitu wa Aberdare. Huwa kwenye nchi kavu, mara nyingi ya wafugaji, kila mwaka mahali pengine, na mahali penyewe hufichwa mpaka siku zikaribie. Pesa ndizo zilizokuja kwetu, magari yakabaki huko. Jiulize kwa nini.

Udongo wetu ni wa volkano. Ukikauka unapeperuka, ukilowa unateleza kama sabuni. Gari moja likipita, nyasi zinalala na baada ya wiki zinasimama. Yakipita kumi wakati wa masika, inabaki mifereji miwili, na maji yakishaonyeshwa njia hayaulizi tena. Mwaka wa pili dereva anauogopa mfereji, anapita kando. Sasa ni minne. Juu ya shamba langu pana mahali palipokuwa na njia ya mkokoteni. Leo ng'ombe wangu wanane wanaweza kupita hapo wakiwa wamepangana bega kwa bega, na katikati pana korongo linalomfika mtu kifuani. Ule udongo haukupotea, uko mtoni. Na mnaooga Nairobi mnaoga maji ya milima hii hii, maana bwawa la Ndakaini halijazwi na mawingu ya Westlands.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Mke wangu hulipia kibali cha mwezi ili atoke na mzigo wa kuni mgongoni. Ng'ombe wangu nao wanalipiwa, kwa kichwa. Akikutwa na kuni bila kibali anapelekwa kituoni. Wewe ulizungusha mkanda kwenye mti wa asili ukarudi nyumbani kuandika mada.

Mpanda pikipiki

Mada imesahau pikipiki. 4x4 zinazoingia Aberdare wikendi unaweza kuzihesabu, lakini bodaboda zinazoshuka usiku na makaa na nguzo ni nani anazihesabu? Mnafunga mlango mbele, dirisha la nyuma liko wazi.

Nitasema na letu pia, sisi wa pikipiki za matopeni. Kwenye vilima vya Ngong tunakutana na watu wanaotembea kilele hadi kilele, wengine na watoto, na wenzetu wengine hawapunguzi mwendo. Mama mmoja aliwahi kunirushia chupa ya maji. Alikuwa na haki. Njia ya miguu na njia ya injini zitenganishwe. Kwenye msitu wa Karura, Nairobi, baiskeli zina vijia vyake vyenye alama na pikipiki haziingii, na sijasikia mtu akilia kwamba ameonewa.

Wakili

Kwa ufupi kuhusu sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu, Na. 34 ya 2016, inakataza mtu kutengeneza barabara au njia ndani ya msitu wa umma bila idhini. Inakataza pia kuwa msituni kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa uko kwenye barabara au njia inayotambuliwa, au shughuli kama za burudani na utamaduni.

Utata uko kwenye neno "kutengeneza". Aliyeleta jembe ametengeneza, hilo halina ubishi. Je, magari kumi yaliyopita mahali pamoja mpaka pakawa njia? Kwa maoni yangu nayo yametengeneza, ila dereva wa kumi atasema aliikuta. Ndiyo maana nakubali kwamba ramani na alama zitangulie. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuacha barabara ambayo hakuna aliyewahi kusema ni barabara.

Lakini msifikirie ni jambo la barua moja. Kumbukeni barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru inayokata Aberdare: serikali yenyewe iliitaka, na bado watu wakaenda mahakamani.

Msomaji wa Morogoro

Jirani zenu wa Tanzania tuna Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Gari linaishia nje. Ndani ni miguu, na mtu anapanda mpaka maporomoko ya Sanje akiwa na mwongozaji, kijasho kinamtoka, na analipa. Kwa nini msitu lazima uuzwe kwa magurudumu?

Mwanzisha mada

Mzee wa Kinangop, hoja ya Rhino Charge umeninyang'anya, nakiri. Na ule mti sina la kusema.

Wa Morogoro, Udzungwa haikuwa na barabara za magari ndani. Kwetu zipo tayari, malori ya mbao yanazipita, na lori la tani kumi likitoka na magogo sioni mtu akiandika kuhusu udongo. Kwa hiyo nabaki pale pale: magari kwenye barabara za mashamba ya miti tu. Ila naongeza mawili. Sehemu ya ada iende kwa chama cha jamii cha msitu, yaani cha majirani wanaosaidia kuutunza, ikachimbe mitaro na kuweka kalvati. Na kibali kiwe cha kiangazi pekee, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba.

Mkulima wa Kinangop

Julai? Karibu Kinangop mwezi wa Julai uje na koti mbili. Ukungu mpaka saa sita, manyunyu yasiyohesabika kama mvua, na udongo haukauki. Hiyo kalenda umeitoa kwenye ukuta wa ofisi. Njia ifungwe ikilowa na ifunguliwe ikikauka, awe mwezi gani awe.

Kizuizi tunacho, gogo na mnyororo. Lakini ufunguo unakaa kituo cha msitu, na kwenda huko ni saa nzima kwa baiskeli. Mvua ikianza saa nane, mpaka ufunguo ufike mmeshapita watano.

Mwanzisha mada

Na ufunguo ukikaa kwenu, kwa chama?

Mkulima wa Kinangop

Hilo ungeanza nalo. Andika barua, nitatia sahihi. Na huo mkanda wako uuache nyumbani.