Linux Mint kwenye Dell haioni WiFi kabisa, nianzie wapi?

mgeni_wa_mint
Wakuu, habari zenu. Nimeweka Linux Mint 22 kwenye Dell Inspiron ya mtumba. Sauti, tachipedi na mwanga wa skrini vyote vimekubali, ila WiFi haipo. Si kwamba inagoma kuunganika. Ukibonyeza alama ya mtandao, sehemu ya WiFi yenyewe haionekani. Kwenye Windows ilikuwa inashika vizuri, kwa hiyo kadi ni nzima. Modemu ya waya sina. Nianzie wapi?

nyaya_na_chipu
Mkuu, usinakili amri yoyote mtandaoni kabla hatujajua chipu ya WiFi. Jina la laptopi halitoshi, maana modeli ileile inaweza kutoka kiwandani na kadi ya Intel, Realtek au Broadcom. Fungua terminali, andika:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`
`rfkill list`

Bandika majibu yote hapa. Ninachotafuta ni namba zilizo ndani ya mabano ya mraba, zenye nukta mbili katikati.

mgeni_wa_mint
Hii hapa:

`02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)`
`Kernel driver in use: bcma-pci-bridge`

rfkill (inayoonesha redio zilizozimwa) inaonesha Bluetooth peke yake, na mistari yake yote miwili, Soft blocked na Hard blocked, ni "no".

dogo_janja_kb
Broadcom hiyo. Weka `firmware-b43-installer`, ristati, imeisha hiyo.

nyaya_na_chipu
Hapana dogo, hapo utampoteza mwenzio. b43 ni ya Broadcom za zamani, hii 14e4:4365 haiijui. Atapakua, atawasha upya mara tatu, na hali itabaki vilevile.

Mgeni, tazama tena ule mstari wa pili. `bcma-pci-bridge` ni daraja tu: limeishika kadi, lakini nyuma yake hakuna draiva ya kuendesha redio. Ndiyo maana hata rfkill haioni WiFi. Kadi yako inataka draiva inayoitwa `wl`, ya Broadcom wenyewe, ambayo si huria, kwa hiyo haiji ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Kwenye Mint na Ubuntu pakeji yake ni `bcmwl-kernel-source`. Kwenye Debian ni `broadcom-sta-dkms`.

Intaneti ya kuipakulia utaipata kwenye simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB (uwe waya wa data, si ule wa kuchajia tu), kisha kwenye mipangilio ya hotispoti washa USB tethering. Mint itaiona kama mtandao wa waya, haihitaji draiva yoyote. Na kama simu iko kwenye WiFi ya mahali ulipo, itaipitisha hiyohiyo kwenye waya, bando lako lisiguswe. Halafu:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-$(uname -r) bcmwl-kernel-source`
`sudo modprobe -r b43 bcma ssb wl`
`sudo modprobe wl`

Usiruke hizo headers (faili za kerneli za kujengea draiva). Draiva inajengwa papo hapo kwenye mashine yako kulingana na kerneli uliyonayo. Zikikosekana, pakeji itaingia lakini moduli (draiva yenyewe) haitajengwa, na utabaki unashangaa.

mgeni_wa_mint
Imejengwa, lakini amri ya mwisho imenijibu hivi:

`modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service`

bibi_kerneli
Hiyo ni Secure Boot (ulinzi wa laptopi unaokubali msimbo wenye saini inayotambulika tu), na ndipo wengi wanapokwama. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikisema enabled, kerneli inakataa moduli ambayo saini yake haitambui. Moduli yako imesainiwa kwa ufunguo uliotengenezwa humohumo kwenye laptopi, sema ubao mama bado haujatambulishwa ufunguo huo. Utambulishe:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba nywila, uiandike mara mbili. Ni ya kutumika mara moja tu, na weka herufi za kawaida na tarakimu, kwa sababu skrini inayofuata hutumia mpangilio wa kibodi wa Kimarekani. Washa upya, na usiondoke mbele ya mashine. Itatokea skrini ya bluu inayohesabu sekunde 10. Bonyeza kitufe chochote kabla hazijaisha. Chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo huo), Continue, Yes, andika ile nywila, kisha Reboot. Zile sekunde zikikupita, laptopi itawaka kama kawaida na ombi litakuwa limefutika, kwa hiyo utarudia kuanzia hiyo amri ya mokutil.

Wapo watakaokwambia uzime Secure Boot tu kwenye BIOS (kwa Dell ni F2). Inafanya kazi. Ila kama bado una Windows humo na diski yake imefungwa kwa BitLocker, inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha, na usipokuwa nao umejifungia nje.

mgeni_wa_mint
Imekubali! Ubarikiwe bibi. Ila naona WiFi za majirani, hotispoti ya simu yangu siioni.

nyaya_na_chipu
BCM43142 inashika GHz 2.4 tu. Simu yako bila shaka inarusha GHz 5. Ingia kwenye mipangilio ya hotispoti, kwenye bendi chagua 2.4. Palepale, ukiona usalama umewekwa WPA3, rudisha WPA2, kwa sababu `wl` haiwezi WPA3. La sivyo utaona jina, utaandika nywila sahihi, na bado itakuwa inakuomba nywila tena na tena.

bibi_kerneli
Nyongeza moja. Msimbo wa `wl` Broadcom waliutoa mara ya mwisho mwaka 2015, toleo 6.30.223.271. Tangu hapo ni watu wa distro (matoleo ya Linux kama Mint na Ubuntu) wanaoutia viraka ili ukubaliane na kerneli mpya. Kwa hiyo siku umesasisha mfumo na WiFi ikatoweka, usipangue chochote. Andika `dkms status` (dkms ndiyo inayojenga draiva upya kwa kila kerneli) na `uname -r` (inaonesha kerneli unayotumia). Kama kerneli unayotumia haina neno installed mbele yake, ujenzi ulishindikana, na sababu iko kwenye make.log ndani ya `/var/lib/dkms/bcmwl/`. Mara nyingi ni headers tu. Kama ni msimbo wenyewe umegoma, washa upya, bonyeza Esc au ushikilie Shift mpaka GRUB (menyu ya kuwashia) itokee, ingia Advanced options, chagua kerneli ya nyuma. WiFi itarudi wakati unasubiri kiraka. Ndiyo maana usifute kerneli ya zamani mpaka uione mpya inashika mtandao.