Mume wangu Mfilipino na matamasha ya hisani ya familia: nyumba inaumia, naombeni ushauri

Binti Muheza

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Kwa sasa naishi Vallejo, California, na mume na watoto wawili, wa kike miaka 15, wa kiume 11. Mume wangu ni Mfilipino, kwao Palo, kisiwa cha Leyte. Tulikutana Dubai, mimi nipo mapokezi hotelini, yeye anapiga gitaa kwenye bendi ya hoteli hiyohiyo. Mliokaa Ghuba mnazijua hizo bendi za Wafilipino. Huku tumefika kwa maombi ya visa ya baba mkwe, aliyetumikia jeshi la wanamaji la Marekani. Aliomba zamani sana, maana kwa Mfilipino mwenye ndoa foleni hiyo ya visa inapita miaka 20.

Mchana anahudumia wazee kwenye nyumba ya malezi, usiku anatunga nyimbo, za Kitagalog na za Kiwaray, lugha ya kwao. Anaimba habari za watu walioondoka: mama anayejaza boksi la zawadi miezi mitatu ndipo alitume kwao kwa meli, baba anayemjua mwanawe kwa simu tu. Wazee wa kwao wakisikia wanalia kabisa.

Sasa hayo matamasha. Novemba 8, 2013 kimbunga Haiyan, wao wanakiita Yolanda, kiliipiga Leyte. Watu zaidi ya 6,000 walikufa, na Palo ipo jirani kabisa na Tacloban, pale palipoumia kuliko kwingine. Yeye wiki hiyo alikuwa Dubai, anawaimbia wageni wa hoteli nyimbo za furaha, na kwao simu haziingii. Tangu hapo ni kama ana deni. Tulipofika huku akaanza matamasha ya hisani kwenye ukumbi wa parokia, na waimbaji ni sisi: yeye gitaa, binti sauti ya kwanza, mdogo wake banduria (kagitaa ka nyuzi 14, ukikasikia utadhani vipo vitatu), mama mkwe anaitikia, mimi sauti ya chini. Kiwaray naimba vizuri kuliko ninavyokielewa.

Napenda, sitaki mseme sipendi. Ila kuna mambo matatu.

La kwanza, gharama. Kukodi spika na fundi wake, amana ya ukumbi, bima ya siku, vyote vinatoka mfukoni mwetu. Boksi la michango yeye haligusi, linakwenda lote. Anasema ukitoa hata dola moja ya spika umekula hela ya yatima. Na Ufilipino kwa mwaka vimbunga kama 20 vinaingia eneo lao. Kila kimoja kikidai tamasha, tutakula nini?

La pili, ndugu zangu. Tunarusha laivu Facebook. Muheza wanaona ukumbi umejaa, wanaona watu wanatumbukiza noti, kesho yake simu: "Mnaokota dola halafu ada ya mtoto wa mjomba mnasema hamna?" Nikieleza kwamba si zetu, nacheka peke yangu, upande wa pili kimya.

La tatu, binti. Ameanza kukataa. Mara koo linauma, mara ana mtihani. Baba yake anaumia lakini hasemi, na akinyamaza nyumba nzima inakuwa baridi.

Na tamasha jingine linakuja Desemba, kabla ya Simbang Gabi, zile misa zao tisa za alfajiri, tarehe 16 hadi 24. Nilipendekeza safari hii nusu ya michango iende kwenye zahanati ya kijijini kwetu. Mama mkwe akaniangalia, akaendelea kukunja lumpia, zile sambusa zao za kuviringisha.

Nimzuie? Nijitoe? Waliopita njia hii nisaidieni.

Mkata Tiketi

Dada, mwanaume anayepeleka hela ya nyumba kwa wageni umwambie mara moja tu: achague. Hisani inaanzia chumbani. Mimi ningezima hizo spika.

Mama Kwaya

@Mkata Tiketi wewe hapo unazima spika, kesho umezima na ndoa. Dada hajasema watoto wanalala njaa, amesema gharama hazina mpango. Ni vitu viwili tofauti. Mtu aliyeimba hotelini huku hajui kama mama yake yuko hai, humwambii "achague".

Binti Muheza, mimi niko Columbus, Ohio, kwaya nimeiongoza miaka. Nianze na binti, maana hapo ndipo utakapojuta. Nyumba za Wafilipino binti wa kwanza ni *Ate*, na cheo hicho kina kazi zake: anatazamwa na mdogo wake, na bibi, na kanisa zima. Akisema "sitaki" anaonekana amewatupa wote. Kwa hiyo hasemi, anaumwa koo. Msimuulize mbele ya baba yake wala mbele ya bibi. Nenda naye dukani, mkiwa garini, muulize hataki nini HASA. Kuimba? Nyimbo? Watu? Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo, na nyie mmekizunguka na tamasha zima.

Na chonde, lile neno la "watoto wa Leyte hawana hata paa na wewe unalalamika" lisitamkwe. Kwayani kwangu limewafukuza vijana wengi kuliko mazoezi ya Jumamosi alfajiri.

Mhasibu wa Mtaa

Naja na upande wa karatasi, maana naona watu wanajadili mapenzi tu.

Mumeo anaogopa kwamba kutoa gharama ni kula hela ya yatima. Mpe hii: sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 110(4), inaruhusu kuimba hadharani nyimbo za watu wengine bila leseni ikiwa waimbaji na waandaaji hawalipwi kwa onyesho hilo, na hela ya kiingilio inayobaki BAADA ya kuondoa gharama halali za maandalizi inakwenda yote kwenye elimu, dini au hisani. Sheria yenyewe imetaja gharama ziondolewe kwanza. Spika, fundi, ukumbi, hizo ni gharama. Ila msijilipe ninyi waimbaji hata senti. Mkijilipa, kinga hiyo imekufa. Mwenye wimbo pia ana haki ya kukataa kwa maandishi, siku saba au zaidi kabla ya onyesho.

Sasa sikilizeni: kinga hiyo ni ya ukumbini. Haigusi kurusha hewani. Nyimbo zake mwenyewe arushe apendavyo, lakini wimbo wa mtu mwingine kwenye laivu haumo humo.

Nina maswali matatu. Michango ya simu inaingia akaunti ya nani? Kuna bahati nasibu? Mnawaambia watu kwamba watakatiwa kwenye kodi, yaani mchango utawapunguzia kodi?

Binti Muheza

@Mhasibu wa Mtaa Akaunti ni ya mume wangu. Bahati nasibu ipo, mara ya mwisho ilikuwa televisheni. La kodi, mama mmoja aliuliza akajibiwa "ndiyo, ni hisani".

Mhasibu wa Mtaa

Haya, nilijua.

Akaunti binafsi: mbele ya mamlaka ya kodi hela ile inaweza kuonekana kama pato lake mpaka athibitishe vinginevyo. Leo hii tafuteni taasisi yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani ya hisani iliyosamehewa kodi, iwabebe, ipokee yenyewe na itoe yenyewe. Zipo zinazofanya kazi hiyo, nyingi hukata kama asilimia 5 hadi 10. Parokia nayo inaweza, kama paroko na dayosisi yake wanakubali.

Bahati nasibu: California ni kwa taasisi zisizo za faida zilizosajiliwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo tu, na asilimia 90 ya mauzo lazima iende kwenye hisani. Familia haina ruhusa hiyo, hata mkigawa ng'ombe. Acheni, au taasisi iendeshe.

Kodi: mchango wa moja kwa moja kwa shule ya Leyte au kwa familia fulani haukatiwi. Ukipitia taasisi unakatiwa, tena ukiondoa thamani ya chakula alichokula mtoaji. Huyo mama arudiwe aambiwe ukweli.

Msafiri wa Muscat

Mhasibu umetutisha, ila afadhali yenu. Huku Ghuba hiyo habari haipo kabisa. Imarati wana sheria ya mwaka 2021 ya michango: mtu binafsi kuchangisha ni kosa, hadi taasisi yenye kibali. Oman vilevile ukichangisha bila ruhusa unashtakiwa. Na shemeji kukaa Dubai mwaka ule wa kimbunga bila kufanya kitu, mimi sioni kama ilikuwa uoga.

Nimefanya kazi na Wafilipino muda mrefu, nimekula nao, nimewazika. Ushauri wangu: usimkabili mumeo, pita kwa mama mkwe. Na usiende na karatasi ya hesabu mkononi. Kaa naye mkunje lumpia, uliza ya zamani, halafu uliza kama mtu asiyejua: "Mama, hela ya ukumbi tunaipataje safari hii?" Atakuambia jambo. Aibu kwao ni kitu kizito, mtu hasahihishwi mbele za watu, na mama ndiye mwenye ruhusa ya kumsahihisha.

Mtoto wa Nyali

Dada pole. Mimi niko Mombasa, sisi harambee tumezaliwa nazo. Kuhusu jamaa zako wa Muheza: wanaona hela ikiingia, hawajawahi kuiona ikitoka. Basi waonyesheni ikitoka. Mwisho wa shughuli mshereheshaji asimame asome kwa sauti: kiingilio kiasi kadha, mchango kadha, spika kadha, ukumbi kadha, familia yenyewe imetoa kadha, zinazokwenda Leyte kadha. Najua harambee zetu huku zimeharibiwa na wanasiasa wa kusoma majina yao, lakini kusoma hesabu hadharani si kitu kibaya. Mjomba akisikia familia nayo imetoa, atafikiri kidogo kabla ya kupiga simu. Atapiga tu, lakini atafikiri.

Binti Muheza

Wakuu nimerudi. Nimefanya mawili.

Nilikaa na mama mkwe kama alivyosema Msafiri. Nikauliza la ukumbi. Akanyamaza, akafuta mikono, akasema amana ya ukumbi ya mara mbili zilizopita aliilipa yeye, kwenye pensheni yake, na mume wangu hajui. Mimi nilidhani imetoka kwetu, mume wangu alidhani parokia imesamehe. Nilipomsomea kile kifungu cha Mhasibu aliuliza mara moja tu, "Sheria inasema hivyo?" Jioni yake nikasikia anaongea na mwanawe Kiwaray jikoni. Sikuelewa yote, nilielewa "spika".

Binti naye tumeongea garini. Kuimba anapenda. Shida ni wimbo mmoja baba yake aliomtungia alipozaliwa, una jina lake la utotoni na habari za yeye kulia usiku. Watoto wa shuleni waliuona kwenye laivu, sasa wanamwita kwa jina hilo. Yaani koo lote lile!

Ila laivu ndiyo ugomvi mpya. Mume wangu anasema bila laivu watu wa Palo hawaoni, na ni wao tunaowaimbia. Hapo naye ana haki.

Mama Kwaya

Ana haki, na binti ana haki. Ule wimbo utoke kwenye laivu, hilo halina mjadala. Nyingine arekodi za kwake, binti azione kwanza, ndipo zipande mtandaoni siku inayofuata. Palo watasubiri siku moja, hawajapungukiwa. Na baba mtu amwombe ruhusa mwanawe yeye mwenyewe, asikutume wewe.

Mhasibu wa Mtaa

Naunga mkono. Na mkirekodi za kwake tu, lile tatizo langu la kurusha nyimbo za watu nalo linaondoka.

Kuhusu nusu ya Muheza: usiichanganye na tamasha la Desemba. Sheria ya California inasema ukishapokea mchango kwa kusudi ulilolitangaza, una wajibu wa kuutumia kwa kusudi hilo. Bango likisema Leyte, hakuna senti ya zahanati humo. Na mama mkwe hakukuchukia, nadhani. Alikuwa anapiga hesabu ya wapi unaanza kukosana na watu waliokuja kwa ajili ya kwao.

Mkata Tiketi

Nimesoma tena. Ya spika naifuta. Ya chumbani naiacha.

Binti Muheza

@Mkata Tiketi 😂 iache tu.

Tumekubaliana hivi. Desemba ni Leyte peke yake, gharama zinatoka kwanza na zinasomwa kwa sauti, bahati nasibu hakuna. Paroko anauliza dayosisi kama parokia inaweza kupokea. La binti na baba yake bado, wanazungukana tu ndani ya nyumba, siingilii. Muheza itakuwa na tamasha lake baada ya Pasaka, na mume wangu ameanza kunitungia wimbo wa Kiswahili. Ubeti wa kwanza amechanganya *nimekuja* na *nimekujua*. Nimeuacha hivyohivyo, umependeza.

Sasa natafuta mtu wa pande za San Francisco, Oakland au Sacramento anayejua kupiga ngoma za Tanga, baikoko au mdumange, asiyehitaji malipo (kifungu cha Mhasibu!). Chakula kipo: pilau yangu na pancit (tambi za kukaanga) ya mama mkwe. Mwenye nafasi aniandikie faragha.