Illmatic au Ready to Die: nanunua santuri moja tu

Sindano_Kali
Wakuu habari zenu. Mwezi huu nina uwezo wa santuri moja, na nimekwama kati ya albamu mbili za rap: Illmatic ya Nas na Ready to Die ya The Notorious B.I.G. (Big). Zote za 1994, zote za New York. Nitakayoiacha itasubiri sana. Naombeni mwongozo, kesho nalipia.

Mzee_wa_Kaseti
Mkuu, mbona umetuficha mambo? Ni chapa ya mwaka uleule au ya kurudiwa? Mashine unayo? Unasikiliza peke yako au na watu?

Dada_Vina
Illmatic. Nyimbo 10, hazifiki dakika 40, na hakuna hata moja ya kuruka. Tano upande huu, tano upande ule, na pande zenyewe zimepewa majina ya kule Queensbridge, mtaani kwa Nas, 40 na 41. Sikiliza mwisho wa "Life's a Bitch": rapa mwalikwa AZ kamaliza, Nas kamaliza, halafu tarumbeta inaingia taratibu. Anayepuliza ni Olu Dara, baba yake mzazi Nas. Kijana katimiza miaka 20 anashukuru kuwa hai, na baba yuko nyuma yake anampulizia. Mimi hapo naacha ninachofanya.

Brooklyn_Damu
Dada, nakuheshimu, ila Nas anautazama mtaa kutoka dirishani. Big yuko chini, katikati ya vurugu. Kwenye "Gimme the Loot" wanaongea wezi wawili, na sauti zote mbili ni zake. Nilihangaika siku nyingi kutafuta jina la huyo rapa wa pili! Albamu inaanza na mtoto kuzaliwa, inaishia kwenye simu ya usiku na mapigo ya moyo yanayofifia. Hiyo ni hadithi nzima.

Mzee_wa_Kaseti
Sindano bado hajajibu, basi nieleze kwa nini nauliza chapa. Ready to Die niliijua kwa kaseti ya kaka yangu, imechakaa mpaka maandishi yamefutika. Nikajibana, nikaagiza santuri kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikaisubiri wiki nyingi. Ilipofika nikafunga mlango, nikafuta vumbi, nikashusha sindano. Ilipofika "Ready to Die" yenyewe, nikajua kuna kitu hakipo. Kile kipande cha kupuliza ambacho masikio yangu yanakisubiri hakikuja. Nikarudisha sindano mara tatu nikidhani spika imekufa. Kumbe kulikuwa na kesi: 2006 mahakama Marekani iliamua kwamba kipande cha kundi la Ohio Players kilitumika bila ruhusa, na kwenye matoleo ya baadaye kikaondolewa. Muuzaji hakusema neno, na nilipomwandikia hakujibu. Roho iliniuma, kwa sababu ile nafasi tupu ndiyo ninayoisikia sasa kila nikiipiga. Mkuu, uliza ni chapa ipi KABLA ya kulipa.

Dada_Vina
Pole sana mzee wangu. Hiyo inauma.

Kava_Kwanza
Hamjagusa kava. Illmatic ina Nas akiwa na miaka saba, uso wake juu ya mtaa wake. Miezi mitano baadaye Big anatoka na mtoto mchanga kwenye kava. Rapa Raekwon hakunyamaza, 1995 kwenye albamu yake Only Built 4 Cuban Linx aliwasema waigaji waziwazi.

Brooklyn_Damu
Mtoto wa Big ana sababu yake, albamu inaanza na kuzaliwa! Mbona DJ Premier yupo kwenye zote mbili na hamlalamiki? "N.Y. State of Mind" kule, "Unbelievable" huku.

Kava_Kwanza
Premier ni prodyuza, alikuwa kazini. Kava ni sura ya mtu. Usichanganye.

Sindano_Kali
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni chapa ya kurudiwa. Mashine ni ya mama, iko sebuleni, na tunasikiliza wote.

Dada_Vina
Sebuleni na mama?! Ndugu yangu, hilo ungelisema mwanzo. Ready to Die ina kipande cha kuigiza cha chumbani ambacho hutakaa mpaka kiishe mama akiwepo.

Brooklyn_Damu
Na Nas naye matusi anayo. Ila "Juicy" mama ataipenda, ule mdundo wa kundi la Mtume anaujua.

Mzee_wa_Kaseti
Hata "Human Nature" ya Michael Jackson ataitambua ndani ya "It Ain't Hard to Tell". Ready to Die pia ni sahani mbili, utanyanyuka kugeuza kila mara.

Sindano_Kali
Nilikuwa nimeelemea kwa Big, sasa sijui tena. Nampigia muuzaji nimuulize chapa.

Kava_Kwanza
Ukimpata, muulize kama ana Doe or Die ya AZ. Ile beti yake moja kwenye Illmatic inanidai mpaka leo.

Dada_Vina
AZ anastahili uzi wake. Fungua, nakuja.