Mjadala: Mwandishi akifa, nani ana haki ya kumwendeleza mhusika wake?

Wakuu, salaam.

Juzi nimebishana na rafiki yangu, mpenzi mkubwa wa riwaya za upelelezi. Yeye anasema mhusika mzuri hazikwi na mwandishi wake. Akipatikana wa kumwendeleza, aendelezwe, mbona James Bond anaandikwa na wengine tangu 1968? Mfano wake mkubwa ni Lisbeth Salander.

Kwa wasiomfahamu, Lisbeth ni mhusika wa Stieg Larsson, mwandishi wa habari wa Sweden. Siku ya tarehe 9 Novemba 2004 lifti ya jengo la ofisi yake Stockholm ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, na moyo ukamshinda. Alikuwa na miaka 50. Riwaya zake 3 za Millennium zilitoka kati ya 2005 na 2007, yeye yuko kaburini, zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 2015 David Lagercrantz akatoa ya nne, akaandika 3 kwa jumla. Mwaka 2022 kalamu ikaenda kwa Karin Smirnoff.

Mimi sina ugomvi na hao wawili. Ninachokipinga ni nani aliyewapa kalamu.

Larsson aliishi na Eva Gabrielsson miaka 32 bila kufunga ndoa, na hakuacha wosia halali. Sheria ya Sweden ikawapa baba yake na mdogo wake kila kitu, Lisbeth akiwemo. Mwaka 2009 walisema wako tayari kumpa Eva kroner milioni 20, lakini alichokuwa akidai yeye ni usimamizi wa maandishi. Kitabu cha nne alikipinga waziwazi, na bado kikachapwa. Kwetu Tanzania, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawatambua kuwa mke na mume, huchukuliwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huyu mama alikaa miaka 32!

Rafiki yangu anajibu kwamba msomaji hali wosia, anataka hadithi. Hapo namwelewa. Bwenini tulikuwa na kitabu kimoja cha mpelelezi Joram Kiango, mhusika wa mwandishi Ben Mtobwa, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa za mwisho hazipo. Baada ya taa kuzimwa kila mtu alisimulia mwisho wake: mmoja anamtorosha Joram kwa boti, mwingine anamwokoa kwa mkono wa mwenzake Nuru. Tulimwendeleza kwa mapenzi kabisa. Lakini hakuna aliyeuza mwisho wake kwa jina la Mtobwa.

Lisbeth atabaki chini ya hakimiliki mpaka 2074, kwa hiyo vitabu vingine vitakuja. Msimamo wangu ni huu: mwandishi asipoacha neno, aliyeishi na kazi ile ilipokuwa ikiandikwa awe na kura ya kukataa, hata kama mali zote zimekwenda kwa wengine.

Mtobwa naye ametutoka tangu 2008. Kesho mtu akitangaza Joram mpya, mngetaka kwanza aulizwe nani: warithi, mchapishaji, au sisi tuliomsoma?