Siku moja Nyege Nyege ukitokea Mwanza, inalipa?

biti_igoma: Wakuu habari za jioni. Natengeneza biti kwa laptopu hapa Igoma, singeli na vitu vyangu vya ajabu ajabu. Nawaza kwenda Nyege Nyege, lile tamasha la mziki kule Jinja Uganda, ila likizo sina na hela yenyewe ni ya kuungaunga, kwa hiyo ni siku moja tu halafu nageuza. Inalipa kweli au naenda kupiga picha? Na nikichagua, mchana au usiku? Pombe situmii.

dagaa_mkavu: Inalipa ila safari ndo itakayokumaliza, sio mziki. Panda gari Nyegezi, unavuka daraja la Kigongo–Busisi (tangu 2025 hamna tena foleni ya kivuko, mshukuruni Mungu), Geita, Bukoba, Mutukula, Masaka mpaka Kampala, halafu Jinja ni kama kilomita 80 mbele. Kuna njia ya Sirari unakatiza Kenya unatokea Busia, ila hapo ni mipaka miwili na mimi foleni za mihuri siziwezi. Beba pasi na kadi ya manjano (ile ya chanjo ya homa ya manjano), usidhani Kihaya kitakuvusha 😂. Halafu lile tamasha linahamahama, 2022 lilikuwa Itanda kwenye maporomoko, angalia tangazo la mwaka husika kabla hujalipia chumba.

besi_nzito: Mchana, tena mara mia. Usiku ni umati na besi ya kutetemesha meno, mchana watu wanafunga mitambo wanajaribu sauti, unasogea mpaka mezani unaona mtu anafanya nini. Mi nilisimama nyuma ya jamaa wa singeli kutoka Dar nikitegemea mashine za mamilioni, kumbe laptopu moja imechubuka, vitufe vingine herufi zimefutika kabisa, kafungua Virtual DJ, programu ya kuchanganya mziki, anadonoa kitufe kimoja kama kuku na mtama na kila akidonoa kinanda kinakatika vipande vipande. Na spidi yenyewe ya singeli unaijua, mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, amapiano inajikongoja kwenye 112 hivi.

Ila walionimaliza ni Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Otim Alpha na Leo Palayeng walichukua ngoma ya harusi ya kwao, larakaraka, ile ya vibuyu vinavyopigwa kwa spoku za baiskeli, wakaihamishia kwenye kompyuta maana baada ya vita vya kule kukodi kundi zima ilikuwa gharama. Sasa sie tuna bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, hapa hapa, nani kaikalia chini ngoma moja moja akairekodi? Fanya hivyo kabla hujaenda, tia kwenye flashi, ukikutana na prodyuza mchana mpe hedifoni asikie.

mzee_wa_kirumba: Mnampoteza dogo. Nauli, chumba na kiingilio anunue spika za studio, hao wote wapo YouTube.

besi_nzito: Mzee wangu shikamoo, kamera ya YouTube inamfuata anayecheza mbele, yule wa kwenye laptopu humuoni hata vidole.

biti_igoma: Aisee nimeelewa, mchana basi. Hiyo bugobogobo, pale makumbusho ya Wasukuma Bujora wanaruhusu kurekodi au mpaka nionane na wazee?

dagaa_mkavu: Onana nao kwanza, usitokee tu na maiki. Au subiri Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma mwezi wa sita, ngoma zote ziko nje, ila hapo utapata na vigelegele vya watu, kuzitenga moja moja sahau.

mzee_wa_kirumba: Marahaba. Akipata hizo rekodi aziweke hapa tusikie.