Kumfundisha mtoto mmoja mmoja: mtandaoni au ana kwa ana?

Swali: Ndugu walimu, ninasomea elimu maalumu kwa masafa. Je, nitaweza kujifunza mtandaoni pekee namna ya kumfundisha mtoto kwa mpango wake binafsi, yaani malengo ya kujifunza yaliyoandikwa kwa ajili yake peke yake?

Jibu la 1: Kuandika malengo ya mpango huo utajifunza vizuri mtandaoni, na video ya somo lako mtairudia na mkufunzi mara kadhaa, lakini breli, maandishi ya nukta ya wasioona, husomwa kwa ncha za vidole, na namna ya kuuongoza mkono wa mtoto asiyeona bila kumvuta huoneshwa ana kwa ana.

Jibu la 2: Naafiki kabisa. Katika lugha ya alama, uso nao hubeba sarufi, na simu yenye intaneti dhaifu huificha. Mwalimu mwenzangu, tafuta mapema shule itakayokupokea kwa mazoezi.